Mafuta ya karafuu hayatoi usaha

Jino likiuma, Pemba nzima hukimbilia mafuta ya karafuu, na si ujinga. Yujenoli iliyomo ndani yake hutia ganzi, na maabara imeonesha kwamba huzuia COX-2, kimeng'enya kile kile kinacholengwa na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Balaa huanza mtu anapodhani maumivu yakiondoka, jino limepona.

Bakteria wakifika kwenye mzizi, seli za kinga huwatambua kwa vipokezi vilivyo kwenye utando wa seli hizo. Ndani ya seli, vimeng'enya viitwavyo kinasi hupokezana taarifa kwa kubandika fosfeti kwenye protini, hadi zamu ya IKK. Hiyo hubandika fosfeti kwenye kizuizi cha NF-κB, protini inayowasha jeni. Kizuizi huvunjwa, NF-κB ikaingia kwenye kiini na kuwasha jeni chungu nzima, ikiwemo ya COX-2. COX-2 hutengeneza prostaglandini, na hapo ndipo shavu linapovimba, jino linapopwita na homa inapopanda.

Diklofenaki hukata mwisho tu wa mkondo huo. Bakteria wamebaki pale pale. Tena huzuia na COX-1, inayolinda utando wa tumbo. Mtu mzima asizidishe miligramu 150 kwa siku, ameze baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au mimba asiiguse bila daktari.

Deksamethasoni, ambayo ni steroidi, hukata juu, kwenye NF-κB yenyewe. Shavu linanywea upesi, kinga nayo inalegea. Kuinunua dukani kiholela ni hatari hasa kwetu, kwa sababu mnyoo wa Strongyloides huingia kwa miguu pekupeku na hukaa tumboni miaka bila dalili. Kinga ikizimwa, huzaana na kusambaa hadi mapafuni, na huua. Dozi moja ya albendazoli haimwezi vizuri. Anayemuweza ni ivermektini, basi muulize daktari kabla hujaanza steroidi.

Mafuta yenyewe: tone moja kwa manne ya mafuta ya kula, kwenye pamba, ubane dakika chache kisha uteme. Yasiyochanganywa huunguza fizi. Mtoto asipewe kabisa. Akiyameza yanaweza kumuharibu ini.

Usaha unataka njia ya kutoka: jino lifunguliwe au ling'olewe, maana antibiotiki peke yake haipenyi vizuri humo. Uvimbe ukishuka chini ya taya, mdomo ukakataa kufunguka au mate yakawa hayamezeki, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo.