Programu ya simu ya kukuchagulia friji: anza na kibati cha nyuma

Mkuu, umeuliza kama kuna programu ya simu ya kukuambia friji lipi halili umeme, maana unahamia nyumba yenye LUKU yako mwenyewe. Zipo. Mimi moja iliniingiza chaka, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa na friji la mtumba kutoka Ulaya, milango miwili. Nikashusha aplikesheni ya kupiga hesabu za umeme: unajaza wati, unajaza saa, inakupa uniti na shilingi. Kibati cha maelezo kilicho nyuma ya friji kilisema wati 150, nikajaza saa 24. Ikaja uniti 3.6 kwa siku, yaani 108 kwa mwezi. Nikasema hili jini, nikaanza kulitafutia mteja. Kabla hajatokea, usiku mmoja nikazima kila kitu isipokuwa friji, nikasoma mita, nikasoma tena baada ya saa 12. Imekula uniti 1.1. Kwa siku weka 2.2. Jini bado, ila si lile la kwenye simu. Kompresa haizunguki muda wote, ikishapoza inapumzika. Hesabu ya wati mara saa inafaa kwa taa.

Kwa friji tafuta kWh (ndiyo uniti yenyewe) kwa mwaka, na hiyo iko kwenye lebo. Lebo mpya za Ulaya, zilizoanza Machi 2021, zina QR kona ya juu kulia. Huna haja ya kushusha chochote, elekeza kamera tu, inakupeleka EPREL, hifadhidata ya Umoja wa Ulaya, unaona taarifa za modeli hiyohiyo. Yaliyopitia Kenya utakuta lebo ya nyota. Halafu muuzaji wa mtumba asikuzuzue na "A+": hiyo ni ya mfumo wa zamani, madaraja yenye alama za kujumlisha yalifutwa. Friji jipya lenye daraja E kwenye lebo mpya linaweza kulishinda hilo vizuri tu.

Sasa kuna kitu ambacho hakuna programu iliyoniambia. Nilikwenda Kariakoo kutafuta jingine, jamaa ananisifia: "Boss, hili inverter, halili umeme kabisa," yaani kompresa yake inabadili kasi. Nikachuchumaa nyuma na tochi ya simu, nikapiga picha kibati. Kimeandikwa SN-N. Akacheka, akaniuliza kama mimi ni fundi. Hizo herufi ni daraja la tabia ya nchi, yaani joto la mahali ambalo friji limetengenezewa: SN na N mwisho wake nyuzi 32, ST 38, T 43. Jiko langu liko Mbagala, bati juu, dari hakuna, mwezi wa Februari nyuzi 32 zinapitwa asubuhi tu. La SN-N hapo litanguruma mpaka jioni na maziwa yachache vilevile. Nikachukua dogo kidogo, lenye T.

Lebo yake inasema kWh 219 kwa mwaka, sawa na uniti 0.6 kwa siku. Kwangu nimelipima, linakula 0.9. Sishangai, kipimo cha Ulaya kinahesabiwa kwa joto la nyuzi 24, na kwangu watoto wanafungua mlango kama wa daladala.

Kama utakuwa D1, daraja la TANESCO la nyumba zinazotumia umeme kidogo, hapo ndipo pana pesa. Uniti 75 za mwanzo kwa mwezi ni shilingi 100, zinazozidi ni 350, kodi bado. Vitu vyangu vingine vinakula kama uniti 45. Na friji la zamani nilikuwa nafika 111, sasa hivi 72. Tofauti ni shilingi 12,900 kila mwezi kabla ya kodi, na karibu yote inatokana na zile 36 zilizokuwa zinavuka mstari.

Ukishapata modeli mbili tatu ziweke hapa tuzipigie hesabu. Ila tuletee picha ya kibati, mlango unaong'aa hautusaidii.