Kabla hujawapa njiwa wako dawa ya minyoo

Wafugaji wengi wa njiwa hapa mtaani wana chupa ya dawa ya minyoo bandani, lakini wachache wamewahi kupeleka kinyesi maabara. Mimi naanza na kinyesi. Njiwa aliyekonda na kuharisha anaweza kuwa na maradhi tofauti kabisa, na dawa zake hazifanani.

Mshike kwanza. Papasa mfupa wa kidari: ukiwa umechongoka ilhali njiwa bado anakula mtama wake vizuri, shuku minyoo. Askaridia ni minyoo myeupe, minene kiasi cha kuonekana kwa macho ukimpasua ndege aliyekufa, na ikijaa huziba utumbo. Kapilaria ni nyembamba kama unywele na ndiyo inayonitisha zaidi, kwa kuwa hujichimbia kwenye ukuta wa utumbo. Makinda yanayoharisha majimaji huenda yana koksidia, ambayo si minyoo hata kidogo bali ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hiyo ina dawa yake, kama amproliamu. Na njiwa anayepinda shingo huku akiharisha kijani usimnyweshe dawa ya minyoo. Huyo mtenge haraka, huenda ana kirusi cha jamii ya mdondo wa kuku.

Jioni tandika gazeti chini ya fito wanazolalia. Asubuhi okota kinyesi kidogo kidogo, cha ndege mbalimbali, utie kwenye kikopo chenye mfuniko na ukipeleke siku hiyo hiyo. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza. Walio Dar es Salaam wana maabara ya TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, pale Temeke. Majibu yakija safi na ndege bado anakonda, pima tena, maana mayai ya minyoo, ambayo ndiyo maabara huyatafuta, hayatoki kila siku.

Sasa dawa. Albendazo ya mbuzi ndiyo inayopatikana kirahisi madukani, na ndiyo ninayokukataza. Yenyewe na ndugu yake fenbendazo zimeshaua njiwa: huharibu uboho, na manyoya yanayoota wakati huo hutoka mabovu. Usiniambie kuku wa jirani walipewa wakapona. Njiwa si kuku. Piperazini ni ya upole, ila hufaa kwa askaridia tu. Levamisoli huifikia hata kapilaria, lakini ni chungu, njiwa wengi huitapika, na kipimo kikizidi huwa sumu. Mwachie daktari wa mifugo apige hesabu kwa uzito wa ndege.

Hata hivyo dawa ni nusu ya kazi, na nusu rahisi. Kwa joto na unyevu wetu wa pwani, yai la askaridia huwa tayari kuambukiza baada ya wiki 2 au 3 tu, kisha hukaa kwenye udongo miezi mingi likisubiri. Maji ya klorini hayaliui. Kwangua sakafu mpaka iwe kavu, mwagia maji yanayochemka, uache jua liingie. Siku inayofuata dawa, kwangua tena, kwa sababu minyoo iliyotoka imebeba mayai. Kama una uwezo, weka wavu chini ya fito ili kinyesi kipite wasikikanyage. Chakula kiwe kwenye kihori, kamwe kisimwagwe chini.

Na njiwa mgeni akae peke yake mpaka kinyesi chake kipimwe, hata muuzaji akikuapia.