Kidevu ulichoniuliza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza taya lako fupi limetoka upande upi, wangu au wa marehemu baba yako, kwa kuwa mkeo ana mimba ya miezi minne na kliniki wamemuuliza. Nitakujibu. Ila kwanza ile safari ya meli.

Ulikuwa na siku 11. Nyumbani Nansio, kisiwani Ukerewe, nilishagundua kwamba nikikulaza chali unakoroma kama mzee, ngozi chini ya kifua inazama kila ukivuta pumzi. Maziwa yalikutoka puani. Nikikugeuza kifudifudi, unatulia. Ulimi ulikuwa unarudi nyuma na kukuziba pumzi, taya halina nafasi ya kuubeba. Hilo nilielezwa baadaye. Basi melini, tukienda hospitali ya Bugando, Mwanza, nikakulaza kifudifudi mapajani. Mama mmoja akasema ninamkandamiza mtoto. Akakutwaa, akakugeuza chali, nami nikamwachia. Nilikuwa na miaka 19, yeye mtu mzima. Midomo yako ilikwisha kuwa ya zambarau nilipokunyang'anya. Mpaka leo nikisikia honi ya meli mikono inaniisha nguvu. Mtazame mtoto kwanza, watu baadaye.

Bugando daktari alikukuta umelala vilevile kifudifudi, akauliza nani kanifundisha. Nikasema, mtoto mwenyewe. Akawaita wenzake waje kuona! Ndiye aliyenitajia Pierre Robin, Mfaransa aliyeieleza hali hii mwaka 1923: taya hubaki dogo tumboni, ulimi hukaa juu, kaakaa likashindwa kufunga. Lako lilishonwa ulipokuwa na mwaka na miezi miwili. Kabla ya hapo ni maziwa ya kukamua, kijiko kwa kijiko, nimekukalisha wima.

Haya, upande. Bibi yako alidai nilimcheka mlemavu sokoni. Sikumcheka mtu. Taya huumbika wiki za mwanzo, mama pengine hajajua hata kama ana mimba, na mara nyingi hali hii humpata mtoto mmoja tu katika ukoo. Lakini baba yako alivaa miwani mizito tangu darasa la pili, magoti yakamsumbua angali kijana. Shangazi yako naye retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho, ilibanduka jicho moja. Na wewe huoni mbali. Upo ugonjwa wa kurithi, Stickler, unaogusa macho, viungo na taya. Mzazi mwenye nao, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Sisemi ni upande wa baba yako. Ningetaka kusema, miaka yote hii nimetaka, maana kwao walinisema mimi. Lakini si daktari, na yeye hayupo kujibu. Kapime macho, ukawaeleze habari ya shangazi. Mkeo ajue kabla ya wakwe.

Watoto wengine hulazwa chali na ndivyo inavyotakiwa. Wenu akija na kidevu hicho, daktari ndiye aseme alazweje, ninyi mtazameni mtoto kwanza, watu baadaye. Nipigie usiku wowote, nitapanda basi la alfajiri.

Mama yako