Shangazi, binti yangu anapika pilau la watu kumi halafu yeye hali

Wiki hii barua ni tatu. Ya kwanza ndefu na jibu lake refu, mnivumilie.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mie nipo Tanga, mama wa watoto watatu, huyu ninayekuandikia habari zake ndo wa kwanza, binti, miaka 15, yuko kidato cha pili shule ya bweni. Aliporudi likizo ya Desemba nilienda kumpokea stendi nikampita mbele yake sikumjua, yaani shingo imetoka, mabega yamechongoka, ngozi kama ya mtu aliyelazwa. Nikajua ni chakula cha shule. Sasa nyumbani ndo nikachoka kabisa. Anaingia jikoni mwenyewe bila kutumwa, anakuna nazi, anapika pilau, anampakulia kila mtu na anamsimamia mdogo wake mpaka amalize sahani, yeye ukimuuliza anasema nimeonja jikoni nimeshiba. Na anafunga. Jumatatu na Alhamisi, nikawa nafurahi mwanangu kashika dini, halafu nikaona na Jumanne, na Jumatano, anasema analipa siku zake, siku gani hizo haziishi? Pedi nilizompa mwezi wa nane amerudi nazo pakiti haijafunguliwa. Nikapata hofu unayoijua, nikampeleka zahanati, mimba hana, malaria hana, minyoo hana, na kile kipimo kingine pia yuko salama. Bibi yake anasema mtoto kachezewa. Baba yake anasema deko, achapwe atakula. Juzi nimemlazimisha tonge akalia kama mtoto mdogo akasema mama sitaki kuwa kibonge. Shangazi, kibonge yuko wapi hapo jamani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na pale kwenye pakiti ya pedi nikasimama kidogo, mana hapo mwili wa mtoto ndo ulipoandika barua yake wenyewe. Mwili ukikosa chakula unaanza kufunga milango mmoja mmoja, na mlango wa hedhi ni wa mwanzo mwanzo kufungwa.

Mimi si daktari wake na sijamuona, lakini hayo uliyoyaeleza yanafanana sana na ugonjwa unaoitwa anoreksia. Ni ugonjwa wa akili unaoingilia tumboni, mgonjwa anaogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa, na akijitazama kwenye kioo haoni mifupa unayoiona wewe. Si kiburi. Si mapenzi ya kukukomoa. Na si mgeni, daktari mmoja wa London, William Gull, ndo aliyeupa jina hilo tangu mwaka 1873, kabla hata reli haijafika Tanga.

Najua kuna atakayesema hayo ni maradhi ya wazungu, sisi huku mtu akikonda tunamuuliza unaumwa? Ni kweli tunauliza hivyo. Hata visiwani Fiji, huko bahari ya Pasifiki, walikuwa wanauliza hivyohivyo, mwili mkubwa ndo heshima, binti akipungua shangazi zake wanaanza kuhangaika na vyakula na dawa. Mwaka 1995 televisheni ikafika mkoa mmoja wa huko unaitwa Nadroga. Mtafiti wa Marekani, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa shule TV ilipoingia tu, hakupata hata mmoja aliyekuwa anajitapisha ili apungue. Akarudi 1998, akakuta asilimia 11.3 wanafanya. Miaka mitatu tu, na hiyo ilikuwa TV ya sebuleni inayozimwa usiku, sasa mabinti wa leo wana simu chini ya mto.

Hilo la pilau lilikuchanganya na lingemchanganya yeyote. Kuna jambo lilifanyika Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, vijana 36 wa kiume, wazima wa afya, walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili madaktari wajifunze namna ya kuwasaidia watu walioteseka kwa njaa wakati wa vita. Basi wale vijana walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kukusanya resipe, mtu anakaa na sahani moja saa nzima anaichezea. Wakawa wakali, wakajitenga, wengine huzuni ikawazidi. Hawakuwa na hofu ya kunenepa hata chembe, ni njaa peke yake iliyowafanya vile. Kwahiyo binti yako anayepika pilau na kuwasimamia wenzie wale, ile ni njaa inaongea. Na ule ukali na kulialia, sehemu kubwa ni njaa pia, ndo mana kumhoji hoji kwanini hali wakati tumbo tupu hakukufikishi popote. Ubongo nao unakula wali.

Sasa la kufanya. Kabla ya yote, hospitali, na si ile zahanati. Mpeleke Bombo, sema wazi kwamba mtoto hali kwa makusudi, anaogopa kunenepa, hedhi imekata, uombe wampime moyo kwa ECG, wapime na madini ya damu hasa potasiamu na fosfeti, na uombe kuonana na mtu wa afya ya akili, wakiona imewazidi watakupa rufaa. Usiseme tu "amekonda" mana watakupa vitamini urudi nyumbani. Ukitaka kujua haraka inakupasa kiasi gani, mlaze dakika tano halafu shika mkono wake hesabu mapigo dakika nzima, yakiwa chini ya 50 mchana kweupe usingoje Jumatatu. Vilevile akizimia, akilalamika kifua, au akitamka habari za kufa, ni siku hiyohiyo. Na hata kama atakubali kula leo usimjazie sinia kwa furaha, mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akishindiliwa chakula ghafla madini ya damu yanashuka vibaya na moyo unaweza kusimama, ndo mana daktari awepo mwanzoni.

Baada ya hapo kazi kubwa itakuwa yako na baba yake, samahani lakini ndo ukweli. Pale London hospitali ya Maudsley toka miaka ya 1980 walianza njia ambayo leo ndo inategemewa zaidi kwa watoto wa umri huu, wazazi wanashika usukani wa chakula mpaka mtoto apate nguvu, yaani nyie ndo mnaopanga anakula nini na saa ngapi, mnakaa naye mezani mpaka amalize, na baada ya kula anabaki na nyie sebuleni, haendi bafuni peke yake mara moja. Milo mitatu na vitafunwa katikati. Jikoni asikanyage kwa sasa, apumzike. Atalia, atakutukana, atakuambia humpendi, wewe mwambie najua unaogopa, chakula hiki ndo dawa yako, tutakaa wote. Maneno hayohayo, mara mia. Fimbo hapana, mwambie baba yake hofu haichapwi ikatoka, ila sauti yake na kukaa kwake pale mezani vitasaidia kuliko anavyodhani.

Habari ya kufunga. Hapa nenda naye kwa ustadhi mnayemuamini, amwambie kwa kinywa chake kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula na siku zitalipwa akipona. Wewe ukimwambia atasema mama unanizuia ibada. Ugonjwa huu unajificha kwenye vitu vizuri, kwenye funga, kwenye mazoezi, kwenye "nimeacha nyama", unakuvalia kanzu kabisa.

Bibi usigombane naye, mpe kazi. Mpe uji wa saa nne, awe anakaa naye anampigia hadithi huku anakunywa. Ila apewe onyo moja na nyie wote mjipe, habari za mwili wa mtu zikome hapo nyumbani, si umekonda, si umenawiri, si tipwatipwa wala kimbaumbau. Akianza kurudi mwilini jirani atasema "eeh sasa umependeza umenenepa", kwa nia njema kabisa, na kwa binti yako hilo neno ni kisu. Muwahi huyo jirani.

Shule isimsumbue kichwa, akirudi bweni kabla hajapona atarudi stendi kama alivyokuja. Ongea na matroni, omba ruhusa na barua ya daktari. Na usitegemee wiki mbili, hesabu miezi, wengine mwaka na zaidi, lakini watoto wanapona, na wanaowahi kutibiwa ndo wanaopona vizuri.

SWALI: Shangazi mwanangu wa miaka minne anakula udongo wa ukutani, anabandua kabisa. Nimemchapa nimechoka. Mama J, Dodoma.

JIBU: Usimchape, mpime. Damu kwanza, mana watoto wengi wanaotafuna udongo wana upungufu wa madini ya chuma, halafu choo waangalie minyoo. Kama ukuta una rangi ya zamani inayobanduka mtoe hapo leo, baadhi ya rangi zina madini ya risasi na ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Na kama wewe mwenyewe una vile vidongo kwenye pochi, mama J, anakuona.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni boy, 16, Mombasa. Tangu nikiwa mdogo hua naitwa bonge, hata nyumbani. Sasa nimeanza gym, mchana sili kitu kabisa, lakini usiku wakilala naingia kichen nakula kila kitu, mkate wote, wali baridi, hata sisikii ladha, siwezi kujizuia, halafu nalia. Asubuhi mamangu anauliza nani kamaliza mkate nanyamaza. Naona aibu mana hii ni shida ya wasichana. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nani kakwambia ni ya wasichana? Wavulana wako wengi tu, ila hawasemi, na hata hospitalini wanaweza kupitwa mana wao wanasema wanatafuta six pack na kila mtu anawasifu. Kula kwa mafuriko namna hiyo, na aibu baada yake, kuna jina na kuna tiba ya mazungumzo inayosaidia, si ulafi na si kukosa msimamo. Jiangalie mwenyewe siku yako inavyokwenda, mchana mzima hujaweka kitu, tena umeinua vyuma, usiku mwili unakuja kudai deni lake na riba juu. Ukifunga tena kesho ili kufidia ndo umeliandaa la kesho usiku.

Chagua mtu mzima mmoja, kama si mama basi mjomba au mwalimu unayemuamini, umuonyeshe barua hii hii uliyoniandikia mimi, usianze kutafuta maneno mapya. Ukishindwa kabisa piga 116, hapo Kenya ni namba ya watoto na hailipishwi. Na kama huwa unajitapisha, au unameza vidonge au poda ulizouziwa gym, mwambie daktari hata kama umeona aibu kuniandikia.

Kesho asubuhi kunywa chai na mahamri pamoja na wenzio, mchana ule, saa kumi tia kitu mdomoni. Na mamako mwambie aliyemaliza mkate ni wewe.