Anti, Mume Wangu Kastaafu Jeshi na Kazi Hapati

SWALI: Anti shikamoo. Mume wangu kastaafu jeshi miezi saba iliyopita, sajenti, miaka 22, na ile tisa ya mwisho alikuwa upande wa usafirishaji. Ameomba kazi sehemu kama kumi na nne hivi, waliomjibu wawili tu na wote wamesema hapana. Nyumbani anaamka saa kumi na nusu usiku, anapiga pasi mpaka shuka, akimaliza anakaa sebuleni kama mtu anaesubiri gari la kumchukua. Watoto wanaitwa kwa sauti ya gwaride. Sasa hivi kashikilia kiinua mgongo chote kiende kwenye lori la mtumba, eti rafiki yake kamwambia lori linalipa. Mimi nilikuwa mwalimu, nimeacha kazi mara tatu kwa ajili ya uhamisho wake, mara ya nne sikuanza tena. Tusaidie.
Mama wa watatu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo sivii yake sijaiona lakini naijua, mana hizi barua zenu napata nyingi. Juu kabisa kuna cheo, inafuata namba ya jeshi, chini yake kozi nane zimeandikwa kwa vifupisho, alafu vituo alivyopita kimoja kimoja kama orodha ya zamu za lindo. Sasa mtu wa ajira asiyewahi hata kuvaa buti anasoma "sajenti wa usafirishaji, kombania B" na hajui kama huyu alikuwa anaendesha magari, anayaosha, au ndo alikuwa anayapanga, na ana sivii nyingine mia mbili mezani, hana muda wa kuuliza. Anaweka pembeni.

Fanyeni hivi. Usiku watoto wakilala kaa nae mezani na daftari, wewe ni mwalimu hii kazi unaiweza kuliko mimi, umuulize kama vile hujui chochote kuhusu jeshi. Magari mangapi yalikuwa chini yako? Madereva wangapi? Mafuta nani alikuwa anasaini? Gari likikwama njiani saa nane usiku simu inakwenda kwa nani? Atakujibu kwa mkato, ataona maswali ya kitoto, wewe andika tu. Mwisho utapata sentensi kama hii: "Nilisimamia magari 30 na madereva 18, nikapanga safari za kila wiki, nikatunza hesabu za mafuta na ratiba ya matengenezo." Hizo namba nimetunga mimi, atie za kwake na asiongeze hata gari moja. Hiyo sentensi mwenye kampuni ya mizigo anaielewa hata akiisoma amesimama. Cheo kibaki mstari mmoja tu kule chini. Na vile vitu vya siri, sijui operesheni gani mlikwenda wapi na mlibeba nini, visiingie kabisa, atakuwa anavijua vizuri kuliko sisi.

Kitu kingine kinachowaangusha hawa watu ni intavyuu. Jeshini ukisema "mimi nilifanya" unaonekana unajisifu, kila kitu ni "tulifanya", na ukiulizwa swali unajibu neno moja unanyamaza. Huku ukijibu hivyo wanasema huyu mzee hana maelezo. Mfanyie mazoezi hapohapo mezani, muulize "hebu tueleze kuhusu wewe", akianza na cheo na namba mrudishe mwanzo. Atakasirika, mvumilie. Mpaka siku atakuja kukuhadithia vizuri ile siku msafara ulikwama yeye akafanya nini, yeye, sio kombania.

Vyeti navyo muwe makini. Kozi ya jeshi inaweza kuwa kali kuliko ya chuo ila kama karatasi yake haitambuliki uraiani ni kama hana, kwa hiyo aende kwenye mamlaka ya leseni na kwenye chuo cha ufundi awaulize kipi kinahamishika na kipi lazima afanyiwe mtihani upya. Marekani kwa mfano, mtu aliyeendesha magari makubwa jeshini anaweza kusamehewa mtihani wa kuendesha barabarani akiomba leseni ya magari ya biashara, akabaki na ule wa kuandika. Kwenu sheria inaweza kuwa nyingine, aulize tu, wengi wanarudia darasa ambalo wangesamehewa, na wanalilipia.

Lori hapana. Tena hapana ya kwangu ni kubwa. Sio kwamba biashara mbaya, ila yeye miaka yote spea ilikuwa inatoka stoo kwa kusaini fomu, huku inatoka mfukoni, na lori bovu la mtumba linaweza kulala gereji wiki tatu wakati dereva anataka mshahara na bima haisubiri. Aajiriwe kwanza na mwenye malori, hata miezi sita hata mshahara uwe mdogo, aone daftari la mwenzake upande wa matumizi. Kiinua mgongo kikae mnapojua nyie wawili na kiasi msimwambie mtu, na huyo rafiki anaejua sana lori linalipa mumuulize la kwake liko wapi.

Kule kuamka saa kumi na nusu mwache, mtu hawezi kufuta miaka 22 kwa miezi saba, ila mpe kazi ya saa hizo, atembee, apeleke watoto shule, aandike maombi. Kama kuna kukurupuka usingizini, pombe imeongezeka, au hasira zinatisha watoto, hapo sio sivii tena, muone daktari au mshauri na msione aibu.

Sasa wewe. Umeniandikia barua nzima ya mume, ya kwako sentensi moja tu. Nani kasema lazima aanze yeye? Unaweza kuwa wewe ndo wa kwanza kupata mshahara humo ndani, yeye akapata nafasi ya kuchagua bila presha. Ile miaka uliyohama usiifiche, andika wazi "nilihama kufuata kituo cha kazi cha mwenzi wangu", alafu taja shule zote tatu, mana mwalimu aliyeingia shule tatu na kuzoea kila moja katikati ya muhula ana kitu cha kusema. Angalia usajili wako wa ualimu kama bado uko hai, anza hata na nafasi ya muda ya kumshikia mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi. Kuna nchi zimeshaliona hili, Marekani tangu 2009 askari aliyetimiza masharti anaweza kumhamishia mke au mtoto haki yake ya kulipiwa masomo. Kwa hiyo muulize mumeo kama kwenye mafao yake kuna kitu cha familia, mana wanaume hawasomi zile karatasi mpaka mwisho.

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi ni fundi umeme jeshini, nimebakiza mwaka na nusu. Kila ninaemuuliza nikitoka nifanye nini ananiambia ulinzi. Ndo hivo tu?
Koplo wa umeme

JIBU: Nzuri kaka. Ulinzi ni kazi halali na wengine wanaipenda, ila wewe umesomea umeme, geti la nini?

Kizuri umeuliza mapema. Uingereza askari anayestahili huanza kusaidiwa kutafuta maisha ya uraiani miaka 2 kabla ya kutoka mpaka 2 baada ya kutoka, na Marekani kuna utaratibu wa kumruhusu akajifunze kazi kwenye kampuni ndani ya siku 180 za mwisho huku bado analipwa na jeshi. Kamuulize mkuu wako kama kuna kitu cha namna hiyo hapo, na kama hakipo tumia likizo yako kwenda kushika waya kwa fundi wa kiraia. Alafu watafute wale mafundi waliotoka kambini kwenu kabla yako, hao ndo wanajua nani anaajiri na nani ana maneno tu. Cheti cha umeme cha kiraia usingoje kustaafu, piga simu chuoni wiki hii uulize usajili unafungwa lini.