Wastani wa matumizi ya migahawa na malazi kwa mtu mmoja: kwa nini haufanani na daftari lako

Ndugu mleta mada, umeuliza inakuwaje jedwali la taifa lionyeshe kwamba kila mtu hutumia katika migahawa na nyumba za wageni karibu mara tatu ya kile kinachotoka mfukoni mwako, ilhali wewe hujioni kuwa mbahili wala fukara. Swali hilohilo liliwahi kunisumbua, nikaamua kuandika kila nilichotumia kwa miezi 12, na daftari lile lilinifundisha mambo ambayo majedwali yalikuwa yameyaficha katika tanbihi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa safari za kikazi. Nilijumlisha kila usiku niliolala hotelini, kumbe katika hesabu za taifa gharama ambayo mwajiri huilipa au kuirejesha haihesabiwi kuwa matumizi ya kaya, bali ni gharama ya uendeshaji ya mwajiri mwenyewe. Nilipoziondoa safari hizo, malazi yangu ya mwaka mzima yalibaki siku nne, nami nikajiona mtu wa nyumbani kuliko nilivyodhani.

Kosa la pili lilihusu mipaka ya fungu lenyewe. Nchi nyingi hufuata COICOP, yaani uainishaji wa Umoja wa Mataifa wa matumizi kwa kuzingatia madhumuni yake, ambamo migahawa na malazi ni fungu la 11. Kinywaji ukikinunua dukani huingia katika fungu la vinywaji, lakini kinywaji kilekile ukikinywea baa huhesabiwa katika fungu la 11, pamoja na chakula cha kufungiwa na chakula cha kantini. Likizo iliyolipiwa kwa mkupuo mmoja, nauli na hoteli zikiwa ndani, huwekwa katika fungu la burudani. Mimi nilikuwa nimeyachanganya yote hayo.

Hata hivyo, penye uzito zaidi ni swali la nani alitumia fedha hizo. Jumla inaweza kupimwa kwa namna mbili: yote yaliyotumiwa ndani ya mipaka ya nchi, wageni wakiwemo, au yote yaliyotumiwa na wakazi wa nchi hiyo popote walipokuwa. Katika fungu la chakula cha nyumbani tofauti huwa ndogo. Katika hoteli na migahawa huwa kubwa, kwa sababu huko ndiko mtalii anakoacha fedha zake. Nchi ndogo yenye wageni wengi, kama Maldives au Malta, ikigawanya mauzo yote ya hoteli zake kwa idadi ya wakazi peke yao, itatoa wastani ambao hakuna mkazi wa kawaida anayeukaribia. Kwa maoni yangu, jedwali lisilotaja limetumia kipimo kipi halifai kulinganishwa na maisha ya mtu yeyote.

Upande wa pili, tafiti za bajeti za kaya, ambazo huwauliza watu wenyewe wametumia nini, nazo huelekea kuonyesha matumizi pungufu kuliko yalivyo. Anayejaza dodoso kwa niaba ya kaya hajui kila alichokula mwenzake mchana, wala kijana wake baada ya masomo, na vitu vidogo vidogo husahaulika kabla ya jioni. Katika daftari langu, wiki nilizoandika papo hapo zilizidi kwa mbali wiki nilizokumbuka kwa kukisia, ingawa sikuwa nimebadilisha mwenendo wowote. (Mwenzangu alikataa kabisa kuandika, kwa hiyo hata takwimu zangu zina pengo.)

Hapo hatujataja kwamba watu ambao jumla hiyo hugawanywa kwa idadi yao ni pamoja na watoto wachanga, na kwamba watu wachache wanaokula nje kila siku huupandisha wastani juu ya kiwango cha kaya ya katikati. Unapolinganisha miaka, angalia pia kama ni bei za sasa (yaani bei za kila mwaka husika) au bei za mwaka wa msingi (yaani bei za mwaka mmoja uliochaguliwa, ili kupanda kwa bei kusihesabiwe), na usianzie 2020, kwa sababu migahawa na hoteli zilifungwa katika nchi nyingi na kila ongezeko baada ya hapo litaonekana kubwa kupita kiasi.

Ukiweka hapa tanbihi zilizo chini ya jedwali ulilosoma, hasa ile inayoeleza kama wageni wamo au hawamo, tutaweza kukokotoa upya pamoja.