Daktari wa ngozi hushinda akifanya nini?

Swali: Daktari, shikamoo. Binti yangu anataka kusomea magonjwa ya ngozi. Siku yako kazini ikoje? – Mama Neema, Singida

Jibu: Marahaba. Hapa Moshi asubuhi hutawaliwa na upele, ule wa kuambukizana unaoletwa na vijidudu vya ngozi (skabi). Anayejikuna usiku kucha ni mtoto mmoja, ila dawa nawaandikia nyumba nzima, wapake siku moja, hata asiyewashwa. Dalili huweza kuchelewa wiki 4 hadi 6 baada ya kuambukizwa. Kisha mapunye, chunusi, na nyuso zilizoharibiwa na krimu za kujichubua. Hao nazungumza nao taratibu, wameshaaibishwa vya kutosha. Moyo wangu uko zaidi kwa wenye ualbino: nawakagua masikio, midomo, shingo, na kidonda kisichopona nakata kipande kikapimwe saratani. Binti aje, tunamhitaji sana.